Kipupwe kimefika: Kwa nini sato wako hawali, na kwa nini usiwalazimishe

Saa moja asubuhi, mwezi Julai, Njombe. Ukungu umelala juu ya bwawa, umande umeganda kwenye majani, na mfugaji amevaa koti zito na kofia ya sufu. Anachota chakula kwenye ndoo kama alivyofanya Februari, anakirusha majini, anasubiri.

Februari maji yalikuwa yanachemka kwa samaki wanaogombania. Leo punje zinaelea tu. Dakika 10 zinapita, 20 zinapita, hakuna anayepanda juu.

Hapo wengi hufikiria mambo mawili: samaki wanaumwa, au chakula ni kibovu. Kuna wanaokimbilia kununua mfuko wa aina nyingine. Kuna wanaoongeza kipimo kabisa, wakiamini samaki akishikwa na njaa kwenye baridi atakufa.

Kumbe mara nyingi samaki hana ugonjwa wowote. Maji yamepoa, na yeye amepoa pamoja nayo. Hatari kubwa zaidi inatoka kwenye ile ndoo.

Mwili wa samaki hufuata maji

Binadamu akisikia baridi hula zaidi. Ng'ombe na mbwa ni vivyo hivyo. Sababu ni kwamba miili yao inatengeneza joto lake yenyewe, na chakula ndiyo kuni. Mtu wa Makete na mtu wa Dar es Salaam wote wana nyuzi 37 mwilini, hata kama mmoja anaota moto na mwingine anapepewa na feni.

Samaki hayuko hivyo. Maji yakiwa nyuzi 28, mwili wake uko karibu na 28. Yakishuka hadi 17, naye yuko 17. Hana haja ya kuchoma chakula ili apate joto, kwa hiyo baridi haimuongezei njaa. Inamuondolea.

Vimeng'enya vinavyosaga chakula tumboni hufanya kazi polepole kwenye baridi. Moyo hupiga taratibu, samaki haogelei sana, matumizi ya nguvu yanashuka. Kwa makadirio ya jumla, joto la mwili likishuka kwa nyuzi 10, kasi ya mwili kutumia chakula hupungua hadi karibu nusu, au chini ya hapo. Chakula ambacho kwenye joto kingesagwa ndani ya saa chache, kwenye baridi hukaa tumboni muda mrefu.

Ndiyo maana desturi ya kuongeza chakula wakati wa baridi, ambayo inamfaa ng'ombe wa maziwa, inamletea shida sato.

Namba ambazo mfugaji wa sato anatakiwa kuzijua

Sato ni samaki wa maji ya joto. Anakua vizuri zaidi maji yakiwa kati ya nyuzi 25 na 30 hivi. Baada ya hapo mambo hubadilika hatua kwa hatua:

• Nyuzi 25 hadi 30: Mlo kamili, mara mbili au tatu kwa siku.

• Nyuzi 21 hadi 24: Bado anakula, lakini ukuaji umeanza kupungua. Shusha kipimo hadi karibu theluthi mbili au nusu ya kawaida, kadiri maji yanavyozidi kupoa.

• Nyuzi 18 hadi 20: Mara moja kwa siku inatosha, mchana. Kipimo kiwe karibu asilimia 1 ya uzito wa samaki wote bwawani. Kuzaliana nako kumesimama.

• Nyuzi 16 na 17: Kidogo sana, kwa kuruka siku, na pale tu wanapoonekana kupanda juu.

• Chini ya nyuzi 16: Acha kulisha.

• Kuelekea nyuzi 12 na chini yake: Uhai wenyewe uko hatarini, na chakula hakiwezi kuuokoa.

Namba hizi ni mwongozo. Bwawa la kina kirefu na bwawa la futi mbili hayafanani, na samaki wakubwa hustahimili baridi kuliko vifaranga. Ila mwelekeo ni huo huo kila mahali: maji yakishuka, ndoo nayo ishuke.

Kalenda haitoshi, pima maji

Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania huuhesabu msimu wa kipupwe kuanzia Juni hadi Agosti. Ni miezi ambayo upepo wa kusi unaleta hewa ya baridi kutoka kusini mwa dunia, na nyanda za juu kama Njombe, Makete, Mufindi na Mbeya huisikia zaidi kwa sababu ya mwinuko.

Lakini si kila siku ya Julai ni sawa. Kuna wiki jua linawaka mchana kutwa na maji yanapanda. Kuna wiki ya mawingu na manyunyu, maji yanashuka na kubaki huko. Anayelisha kwa kalenda peke yake atakosea pande zote mbili.

Dawa yake ni kipimajoto. Kifunge kwenye kamba, kishushe majini kina cha nusu mita hivi, kiache dakika mbili tatu kisha usome haraka. Pima mara mbili: saa 12 asubuhi na saa 9 alasiri. Andika kwenye daftari au kwenye simu. Baada ya wiki moja utaona bwawa lako linavyoishi.

Joto la juu kabisa ya maji linadanganya. Mchana wa jua, maji ya juu yanaweza kuwa ya vuguvugu huku chini wanapokaa samaki kukiwa bado baridi. Vilevile joto la hewa kwenye simu si joto la maji. Hewa inaweza kushuka hadi nyuzi 5 usiku na bwawa likabaki 17, kwa sababu maji hupoteza joto taratibu. Hata kurudi kwake juu huchukua muda.

Kisicholiwa kinakwenda wapi?

Punje ikielea, walau unaiona. Pumba iliyochanganywa na dagaa na mashudu huzama mara moja, na ukishaimwaga huwezi kujua kama imeliwa. Siku 30 za namna hiyo, chini ya bwawa panakuwa na tabaka la chakula kinachooza.

Bakteria wanaooza chakula hicho hutumia oksijeni, ile ile ambayo samaki anaihitaji. Pia kinatoa amonia, ambayo kwa samaki ni sumu.

Kuna wanaosema maji ya baridi hayana tatizo la oksijeni. Ni kweli kwa upande mmoja: maji ya nyuzi 20 yanaweza kubeba karibu miligramu 9 za oksijeni kwa lita, wakati ya nyuzi 30 hubeba kama 7.5. Lakini oksijeni nyingi ya bwawani hutengenezwa na mwani, ule unaofanya maji yawe ya kijani, na mwani unahitaji jua. Siku tatu za mawingu mfululizo, mwani unapumzika huku uozo unaendelea. Alfajiri ndipo oksijeni huwa chini kabisa. Ukikuta samaki wamepanda juu wanapumua kwa midomo saa 11 au saa 12 asubuhi, usidhani wanaomba chakula. Wanatafuta hewa.

Kingine ni kwamba bakteria wazuri, wale wanaobadilisha amonia kuwa kitu kisicho na madhara makubwa, nao hupunguza kasi kwenye baridi. Kwa hiyo uchafu wa Juni haumalizwi Juni. Unangoja. Joto likirudi Septemba, uozo uliolala unaamka kwa pamoja. Ndiyo maana kuna mabwawa yanayovuka baridi salama halafu samaki wanaanza kufa wakati jua limesharudi, na mwenye bwawa haelewi kimetokea nini.

Hesabu ya mfuko

Chakula ndiyo gharama kubwa kuliko zote kwenye ufugaji wa samaki, mara nyingi zaidi ya nusu ya matumizi yote. Kwa hiyo tuweke hesabu mezani.

Chukulia bwawa lina sato 1,000, kila mmoja wastani wa gramu 150. Hiyo ni kilo 150 za samaki. Kwenye joto, kwa kipimo cha asilimia 3, wanakula kilo 4.5 kwa siku. Maji yakiwa nyuzi 18 au 19, kipimo cha asilimia 1 ni kilo 1.5 tu.

Tofauti ni kilo 3 kila siku. Kwa siku 60 za baridi ni kilo 180, yaani mifuko 9 ya kilo 20. Kama kilo unainunua shilingi 3,000, hizo ni shilingi 540,000 ambazo zingezama kwenye matope bila kuongeza gramu moja kwa samaki.

Tahadhari moja hapa: ukipunguza kulisha, mfuko utakaa muda mrefu stoo. Kwenye unyevu wa kipupwe chakula hushika kuvu haraka, na baadhi ya kuvu hutengeneza sumukuvu. Nunua kidogo kidogo, weka mifuko juu ya chaga mbali na ukuta, funga mdomo kila unapomaliza kuchota. Chakula chenye harufu ya uvundo au mabonge ya kijani usimpe samaki, na kuku pia usimpe.

"Sasa si watakufa njaa?"

Hili ndilo swali linalowafanya wengi waendelee kumwaga chakula. Jibu fupi: samaki mkubwa aliyelishwa vizuri kabla ya baridi hafi kwa kukaa siku kadhaa, hata wiki, bila mlo kwenye maji baridi. Matumizi ya mwili wake yako chini, na akiba ya mafuta mwilini inamtosha. Atapungua kidogo, basi.

Mfano ulio wazi zaidi uko Ulaya. Kwenye mji wa Třeboň, Jamhuri ya Czech, kuna mabwawa ya samaki yaliyochimbwa tangu karne ya 16, likiwemo lile kubwa la Rožmberk lililokamilika mwaka 1590. Samaki wao mkuu ni karpi. Miezi ya joto analishwa nafaka, lakini majira ya baridi, maji yanapokuwa na nyuzi chache tu na juu pameganda barafu, karpi hutulia chini kwenye kina na halishwi. Kiangazi kikianza kukaribia anarudi kula.

Wanaofuga samaki wa mapambo kwenye bustani huko Ulaya nao wana desturi inayofanana: maji yakishuka chini ya nyuzi 10 hivi, kulisha kunasimama.

Sato si karpi, na asiwekwe kwenye barafu. Karpi anavumilia maji ambayo sato angekufa nayo. Kinachofanana ni kanuni: samaki asiyesaga chakula hasaidiwi na chakula.

Wanaohitaji uangalizi zaidi ni vifaranga. Akiba yao ni ndogo, na wao huathirika mapema. Kama una vifaranga wadogo kipindi hiki, wape kidogo sana kila siku maji yanapopata joto la mchana, na usiwaache kwenye bwawa la kina kifupi linalopigwa na upepo.

Namna ya kulisha siku zenye joto la kutosha

Subiri jua lifanye kazi. Kati ya saa 6 na saa 9 mchana maji yana joto zaidi na oksijeni ya kutosha. Lisha hapo. Ile desturi ya saa moja asubuhi kabla ya kwenda shambani iache hadi Septemba, na chakula cha jioni kiache kabisa, maana usiku wote samaki atakuwa na tumbo lililojaa kwenye maji yanayopoa.

Rusha konzi moja kwanza, mahali pale pale pa siku zote. Wakipanda, ongeza kidogo. Wasipopanda ndani ya dakika 10 hadi 15, simama hapo hapo na uzitoe punje zilizobaki kwa wavu mdogo. Kesho jaribu tena.

Kwa anayetumia chakula kinachozama, tumia sinia la kulishia. Chukua chano au fremu ya mbao yenye wavu laini, ifunge kamba pembe nne, weka chakula juu yake na uishushe majini. Baada ya nusu saa ivute. Ukikuta chakula kimebaki, umepata jibu la kipimo cha kesho.

Yasiyohusu chakula lakini yanaua

Mabwawa mengi ya nyanda za juu yamechimbwa mabondeni na yanapata maji ya mto au chemchemi. Maji hayo ya mlimani ni baridi. Ukiyaacha yaingie na kutoka mchana na usiku, unapoza bwawa kwa mkono wako mwenyewe na unauondoa mwani. Funga mlango wa maji, fungua tu kufidia yanayopungua, na ufanye hivyo mchana. Isipokuwa asubuhi ile umewakuta wanahema juu: hapo waingizie maji mapya mara moja, hewa ndiyo ya kwanza.

Usivute kokoro kupima au kuchambua samaki halafu ukawarudisha. Kwenye baridi kinga yao iko chini. Magamba yakitoka au ngozi ikichubuka, fangasi huingia kwa urahisi, na siku chache baadaye utaona vitu vyeupe kama pamba mwilini mwa samaki. Ukivua, vua kwa kuuza.

Kupandikiza vifaranga wapya Juni au Julai nako ni kubahatisha. Safari, kubadilishiwa maji, na baridi, vyote kwa pamoja ni mzigo mkubwa kwa samaki wa gramu mbili. Mwenye nafasi asubiri maji yavuke nyuzi 22 na yakae hapo.

Kina nacho kinasaidia. Bwawa lenye sehemu ya mita moja na nusu linampa samaki mahali pa kukimbilia usiku, tofauti na lile la magotini linalopoa lote. Na kama kuna mikaratusi inayotia kivuli kutwa upande linakotokea jua, kuipunguza matawi ni kazi ya Mei, kabla ya kipupwe.

Joto likirudi, usikimbilie kufidia

Mwishoni mwa Agosti na Septemba kipimajoto kitaanza kupanda. Hapo kishawishi ni kurudisha kilo 4.5 siku hiyo hiyo ili samaki "wafidie". Tumbo lililopumzika miezi miwili halihitaji hivyo. Anza na asilimia 1, panda taratibu kwa wiki moja hadi mbili, ukiangalia maji kila asubuhi. Mara nyingi samaki waliokuwa wamebanwa hukua kwa kasi wakirudi kwenye joto na mlo mzuri, na hufidia sehemu ya muda waliopoteza.

Mwakani maandalizi yaanze mapema. Aprili na Mei, maji yakiwa bado na joto, ndiyo miezi ya kuwalisha vizuri ili waingie kwenye baridi wakiwa na akiba. Na kama wamefikia uzito wa sokoni Mei, kuwauza kabla ya kipupwe ni bora kuliko kuwahifadhi miezi mitatu bila kukua.

Kama kwako ni baridi mwaka mzima

Yapo maeneo ambayo hata Novemba maji hayafiki nyuzi 22. Huko tatizo si namna ya kulisha, ni aina ya samaki. Kambale ni mvumilivu na anaweza kuvuta hewa ya juu, lakini naye ni wa maji ya joto, na akipoa hupunguza kula kama sato.

Samaki anayependa baridi ni trauti, ambaye hustawi kati ya nyuzi 10 na 18 hivi. Kenya ilianza kupandikiza samaki huyu kwenye mito ya milimani mwaka 1905, na kituo cha Kiganjo karibu na Nyeri kilianzishwa mwaka 1948. Lakini trauti anataka maji safi yanayotiririka muda wote na chakula chenye protini nyingi, na ni mla wenzake. Si samaki wa kumtupa kwenye bwawa la maji yaliyotuama. Anayemfikiria aanzie kwa afisa uvuvi wa wilaya, kwa ushauri na kwa kibali.

Kwa wengine wote, kazi ya kesho asubuhi ni ndogo. Kabla ya kushika ndoo, shusha kipimajoto. Kikisoma 15, rudi ndani ukanywe chai. Ukikipima tena saa 9 alasiri na bado hakijafika 16, chakula cha leo kibaki stoo.